Mzimu Usiodai Kitu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wanafunzi wa Zamani, walimu na vijana wa shule, Mbinga, jioni ya siku ya kwanza ya mkutano.)



Niliombwa niseme machache juu ya utumishi wa umma na maendeleo ya vijana. Kwa idhini ya Mwenyekiti nimeliweka somo hilo kando, kwanza kwa kuwa ndugu wawili walionitangulia wamelimaliza, na pili kwa kuwa katika ajenda ya kesho liko jambo dogo, namba saba, ambalo nachelea litapita bila mjadala maana litafika karibu na saa ya chakula. Chama cha Maigizo cha shule kinaomba sehemu ya michango yetu ili kitengeneze picha ya sinema. Picha yenyewe ni ya kutisha. Iko nyumba kuukuu kandokando ya njia iteremkayo Mbamba Bay, wako wanafunzi wanne wanaokimbia mvua, na uko mzimu. Mwalimu mlezi alinipa muswada jana usiku, nami nimeusoma wote. Ndiyo sababu ya kusimama kwangu.

Najua wako wazee humu watakaouliza picha za mashetani zina faida gani kwa mtoto aliyeletwa shule asome Fizikia. Swali hilo ni la haki. Lakini kila aliyelelewa Umatengo au huku chini ziwani alisikia hadithi za kutisha kabla hajajua kuandika jina lake, na hofu ile ilikuwa na kazi yake. Ilimzuia mtoto asiende mtoni peke yake jioni, na ilimfanya asipite juu ya kaburi kama anayepita juu ya tuta la viazi. Kwa hiyo sina ugomvi na kutisha. Ugomvi wangu ni na mtu anayeahidi kutisha, akapokea fedha, halafu asitishe. Na tena, kama nitakavyoeleza, akamdhuru mtu mwingine kabisa ambaye hata kiingilio hakulipa.

Mwaka 2008 nilikuwa safarini kikazi nikakwama Mbamba Bay siku mbili nikingoja chombo. Jioni nikaingia kibanda cha video. Vijana wa leo mnatazama picha kwenye simu, basi niwaeleze: kibanda kilikuwa cha mabanzi, mabenchi sita, televisheni moja juu ya kreti za soda, na jenereta nje likinguruma kuliko mashine ya kusaga. Mlangoni palibandikwa jalada la picha ya usiku ule. Palikuwa na nyumba iwakayo moto, fuvu la kichwa, mwanamke mwenye meno marefu, na onyo kwamba wenye maradhi ya moyo wasithubutu kuingia. Jina la picha sitalitaja, maana waliocheza wako hai na wana familia zao.

Ilianza kwa gari kuingia getini. Mlinzi alifungua geti, gari likaingia, mlinzi akafunga geti. Bwana akashuka akazungumza na simu. Kisha akakumbuka amesahau kitu, akapanda gari, mlinzi akafungua geti. Nilihesabu geti lile likifunguliwa mara tisa. Mzimu ulitokea mapema, mchana kweupe, sebuleni, umepakwa unga usoni na umejifunga shuka jeupe lenye mikunjo ya pasi. Radi zilipiga dirishani huku majani ya mwembe nje hayatikisiki. Kila mzimu ulipotokea kinanda kililia kwa nguvu ile ile, hata ulipokuwa umekaa tu kwenye kochi. Wavuvi waliojaa kibandani walianza kwa kunyamaza, wakaingia kwenye kunong'ona, wakaishia kwenye kicheko, na mmoja akaushauri mzimu uende ukapake mafuta. Mwishoni yakaandikwa maneno ya kututaka tusikose sehemu ya pili. Ile nyumba iwakayo moto ya kwenye jalada hatukuiona kabisa.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja ambaye hakucheka hata mara moja. Tulipotoka alisema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Mbona mzimu wenyewe haudai kitu?"

Nimelitafakari neno lile miaka mingi, na nimekuja kuona kwamba ni uhakiki bora kuliko niliofundishwa chuo kikuu. Lakini kabla sijalifikia, nitende haki kwa watengenezaji wa picha za namna ile, maana si kweli kwamba walikuwa wajinga.

Biashara ya picha za Kiswahili za video ilipamba moto Dar es Salaam baada ya Girlfriend ya mwaka 2003. Picha za Nigeria zilikuwa zimekwisha zoea macho yetu, na vijana wetu wakasema, kama wao wameweza, sisi je? Mussa Banzi akatoa Nsyuka na Shumileta, picha za mapepo na majini zilizotafutwa sana na wanunuzi. Baadaye ikawa desturi kisa kimoja kukatwa sehemu mbili ili kiuzwe mara mbili. Sasa ukiwa na hadithi ya saa moja na unatakiwa ujaze saa tatu, utafanya nini? Utafungua geti. Ile safari ya gari iliyotuchosha pale kibandani ni mahindi yaliyoongezwa maji ili uji uwatoshe watu wengi. Nyumba nayo ni ya kuazima. Mwenye nyumba amejenga juzi, ana vigae na makochi mapya, naye hakubali ukuta wake upakwe damu wala pazia lake litiwe masizi. Hivyo nyumba ya mizimu inakuwa ndiyo nyumba safi kuliko zote mtaani. Kinasa sauti kimo ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo jogoo wa jirani anawika katika usiku wa manane wa hadithi. Yote hayo yana sababu, na sababu nyingi ni fedha.

Ila fedha haielezi yote. Wenzangu wa rika wanamkumbuka Lufufu, yule mfasiri wa picha za kigeni ambaye sauti yake ilifika hadi vibanda vya huku kwetu. Alikuwa na mdomo tu. Picha hafifu ikipita mikononi mwake ilipata uhai, kwa sababu alijua wapi akae kimya na wapi amnong'oneze mtazamaji kwamba steringi haoni kilicho nyuma yake. Na Marekani, nchi ambayo tunadhani kila kitu hufanywa kwa mamilioni, mifano ni tele. Mwaka 1942 Val Lewton alipewa fedha kidogo atengeneze picha juu ya mwanamke anayegeuka chui, Cat People. Chui wa kuonyesha muda wote hakuwa naye. Akampa kazi mwongozaji Jacques Tourneur, nao wakaonyesha mwanamke akitembea peke yake usiku barabarani, nyayo zinamfuata, kisha nyayo zinakoma. Panatokea mngurumo wa ghafula, watu wanaruka vitini, kumbe ni basi limefunga breki. Miaka zaidi ya 80 imepita na basi lile lingali linafundishwa.

Mwingine alikuwa William Castle, na huyu ndiye ndugu yake hasa yule aliyechora jalada la Mbamba Bay. Mwaka 1958 aliwakatia watazamaji wa picha yake Macabre bima ya dola 1,000 kwa yeyote atakayekufa kwa hofu. Mwaka uliofuata akatoa House on Haunted Hill, ambamo tajiri anawaahidi wageni dola 10,000 kila mmoja wakilala usiku kucha katika nyumba yenye mizimu, na katika baadhi ya majumba ya sinema aliamuru kiunzi cha mifupa kipitishwe kwa waya juu ya vichwa vya watu. Inasimuliwa kwamba watoto walikuja na manati. Castle alikuwa mchuuzi hodari, tena namheshimu kwa kuwa ahadi yake aliitimiza walau kwa kichekesho. Lakini anayetaka kujua nyumba ya mizimu inaweza kujengwa kwa fedha kiasi gani na amtazame Oren Peli. Mwaka 2006 alipiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kiasi cha dola 15,000, na sehemu kubwa ya picha ile ni kitanda, mlango ulio wazi, na saa inayohesabu pembeni. Watu duniani walilipa zaidi ya dola milioni 190 kuutazama mlango huo. Dola 15,000 kwetu ni fedha nyingi, sikatai. Nasema tu kwamba mlango wa chumbani kila mmoja wetu anao.

Sasa narudi kwa yule mzee. Huku kwetu, Wamatengo, Wangoni na majirani zetu, tunalo neno mahoka. Wahoka hawamtokei mtu kwa kupenda kutokea. Wanakuja kwa sababu kuna jambo. Jina la marehemu halikupewa mjukuu, au kaburi limeachwa msitu, au mali imegawanywa kwa dhuluma. Mgeni anaona maradhi. Mwenyeji anauliza, nani anadai, na anadai nini? Hata ninyi mlio wacha Mungu, nami mmojawapo, msiosadiki hayo, kubalini kwamba kwa utungaji wa hadithi hilo ni swali la dhahabu. Wanigeria walilijua. Living in Bondage ya Kenneth Nnebue, ya mwaka 1992, ilipigwa kwa video duni. Bwana Andy anamtoa mkewe Merit kafara apate utajiri, na Merit anamrudia. Uso wake haukuhitaji unga mwingi. Kila mtazamaji alijua kile anachodai, na alijua kwamba anadai kwa haki. Hofu inatoka hapo, katika kujua kwamba mdai ana haki na mdaiwa ndiye anayetusimulia.

Nimesoma muswada wa vijana wetu kwa kalamu hiyo mkononi. Yako mazuri. Ukungu wa Juni wa hapa Mbinga umeandikwa vizuri kiasi kwamba nilivuta blanketi. Liko pia jambo ambalo mwandishi ameliona bila kujua amelivumbua: mawingu ya nzi wa ziwani, yale yanayopanda juu ya maji kama moshi wa meli. Mzaliwa wa Liuli au Lituhi ameyaona mara nyingi, lakini weka wanafunzi wanne wa kutoka mjini wasiojua ni nini, waone moshi mweusi ukitembea juu ya ziwa pasipo moto, na hutahitaji radi za kompyuta. Tena ni bure.

Lakini mzimu wao hautokani na deni lolote. Unatokea ukurasa wa pili, unatokea wa nne, unatokea wa saba, kila mara unapiga kelele. Vijana, hebu niwape mfano wa hapa hapa. Agosti 13, 1914, manowari ya Waingereza Gwendolen iliingia Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jabali. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Manahodha wawili hao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vita vilikuwa vimetangazwa Ulaya, Rhoades alikuwa na habari, Berndt hakuwa nayo. Inasimuliwa kwamba mizinga ilipolia, Berndt alipanda mashua kwa hasira kwenda kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akawekwa kizuizini. Sasa, kama ungepiga picha ya asubuhi ile, sehemu ya kutisha ni ipi? Si mzinga. Ni zile dakika kabla yake, chombo cha rafiki kinakaribia polepole, maji yametulia, na ni sisi tu tunaojua. Muswada uliopo unaanza na mzinga, unaendelea na mzinga, unaishia kwa mzinga.

Na deni? Hapo ndipo ninaposhangaa, maana mkoa huu umelala juu ya madeni ya namna hiyo. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ukoo na wazee wa Songea wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi, na akaahidi kwamba watakitafuta. Mwaka huo huo wa 2023 taasisi moja ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Fikirini, ndugu zangu: jengo lenye rafu na visanduku, na kila kisanduku kina mtu mwenye kwao. Nani humu ndani anahitaji kubuni nyumba ya mizimu? Sisemi vijana wakapige picha Berlin. Nasema kijana wa Ruvuma anayeandika juu ya mzimu usiodai kitu ameruka shamba la babu yake akaenda kuomba mbegu mjini.

Nimefika kwenye ukurasa wa kumi na tisa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi kuliko mlivyonisikiliza hadi sasa.

Kwa kuwa mzimu hauna sababu, mwandishi alipofika karibu na mwisho alilazimika kutafuta wa kulaumiwa. Akamtafuta aliye rahisi. Anatokea bibi kizee, mjane, anaishi peke yake chini ya kilima, macho mekundu. Ndiye aliyeutuma. Wanafunzi wanamkuta jikoni kwake, anakiri, nyumba yake inachomwa, mvua inakatika, mwisho. Hata ile nyumba kuukuu inasahauliwa. Bibi huyo hagharimu kitu, hana haja ya vazi, na kila mtazamaji anamtambua kabla hajafungua kinywa. Nimemwona katika picha nyingi za bei nafuu. Yule mzimu wa shuka haumtishi mtu, watu wanaucheka na kwenda kulala. Lakini bibi wa ukurasa wa kumi na tisa anatoka na watazamaji mlangoni, na kesho yake yuko kisimani na ndoo yake.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa iliingia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje, makundi makundi, kuzunguka moto. Hakuna aliyemkamata Popobawa. Aliyepatikana alikuwa mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara na kwenda Zanzibar kutafuta matibabu. Watu walimdhania kuwa ndiye, wakamwua. Usukumani kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule wameupata kwa kupikia samadi ya ng'ombe na kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha. Mikoa yetu ya kusini nayo inayajua haya, na waliomo humu wanaotoka vijiji fulani hawahitaji niwakumbushe. Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928 na ingali inatumika. Kumwita mtu mchawi, isipokuwa unapopeleka habari kwa mamlaka, ni kosa. Nimekaa ofisini nikipokea malalamiko ya wananchi, na mashauri ya aina hii ndiyo yaliyoniondolea usingizi, si ya mipaka ya mashamba.

Kwa hiyo kesho, Ndugu Mwenyekiti, namba saba ikifika, mimi nitaunga mkono fedha itolewe. Wale wanaotaka izuiwe hadi paa la bweni likamilike nimewaelewa, lakini paa lina fungu lake. Nitaomba itolewe kwa mafungu mawili, la kwanza la kununua kinasa sauti kinachojitegemea, kabla ya kamera. Simu mnazo, zinapiga picha safi kuliko mashine iliyotumika katika ile picha ya 2008. Msichonacho ni sauti. Fungu la pili litoke muswada ukishaandikwa upya. Zaidi ya hayo, Mwalimu mlezi asiache kuwasiliana na Bodi ya Filamu mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, imerekebishwa tangu hapo, lakini kibali bado ni kibali.

Muswada nimeurudisha, na nimeandika pembeni kwa penseli, si kwa wino. Ukurasa wa kumi na tisa nimeweka alama ya kuuliza tu, halafu swali moja: nyumba hii ilijengwa na nani, na fundi alilipwa? Mwandishi, ambaye nimeambiwa ni kijana wa kidato cha tatu na amekaa benchi la pili kutoka mlangoni, kama una jibu, nitakuwa chini ya ule mkaratusi karibu na ofisi ya Mkuu kuanzia saa moja asubuhi. Basi langu la Songea linaondoka saa nne. Njoo na bibi yako pia kama yuko karibu, maana nadhani yeye anajua nyumba ile ni ya nani.